Harusi bila gato ni harusi? Historia ya vitu vitamu katika ndoa za Goma



Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa hapa Majengo alinisimamisha njiani asubuhi, pale ambapo wamama wauzaji wa mandazi hupanga beseni zao. Ni mama aliyekimbia vita kutoka Masisi, akapitia Sake, akakaa kambini Bulengo. Tangu makambi yalipovunjwa Februari 2025 anapanga chumba kimoja cha mbao katika karitie yetu. Akaniambia: "Mwanangu, wewe unayeandika mambo ya zamani, nijibu moja tu. Harusi bila gato ni harusi?"

Swali lake halikuwa la mchezo. Binti yake alikutana na kijana kule kambini. Hakukuwa na posa wala mahari. Siku moja binti alihamia kwenye hema la kijana, basi. Sisi tunaita yaka tofanda, na wasemaji wa Kinyarwanda wanaita kwishyingira, yaani kujioza mwenyewe. Leo wana mtoto wa kike wa mwaka mmoja. Familia mbili zimekwisha kuketi pamoja, mbuzi wa kuomba msamaha ameahidiwa, sehemu ya mahari ipo. Imebaki kupanga siku tu. Lakini baba wa binti anakataa. Anasema aliozesha wadogo zake wawili kule Masisi, na kila mara kulikuwa na gato la ngazi tatu. Hawezi kumtoa binti wake wa kwanza kama mtu anayezika usiku. Kwa hiyo wanangoja. Wanangoja gato.

Nilimwambia mama huyo nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu najua si yeye peke yake. Katika Majengo, Katoyi, Kasika na Ndosho kuna nyumba nyingi zenye neno la namna hiyo. Tuangalie basi huyu gato alitoka wapi, alifika kwetu lini, na watu walikula nini siku ya ndoa kabla yake.

Kabla ya sukari

Sukari nyeupe ni mgeni katika Kivu. Babu za babu zetu walioana vizuri bila kuiona hata mara moja. Utamu wao ulitoka mahali pawili: kwenye mzinga wa nyuki na kwenye shamba la ndizi.

Asali ilikuwa chakula cha heshima. Kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, msimu wa asali ni wakati mkubwa wa mwaka mpaka leo. Huku kwenye milima, asali ilikuwa zawadi ya kupelekea mtu unayemheshimu, na wengine waliichanganya katika pombe ili iwe tamu na kali zaidi.

Lakini kitu kilichobeba ndoa hasa kilikuwa ndizi. Wazee wanajua kazi yake. Ndizi za pombe zinaivishwa kwenye shimo lililotandikwa majani, zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na nyasi mpaka maji yatoke, kisha yanachujwa. Maji hayo ya kwanza, kabla hayajachacha, ni mutobe: matamu kabisa, na mtoto anaweza kuyanywa. Ukiweka unga wa mtama uliokaangwa na kuacha siku chache, unapata kasiksi.

Kasiksi haikai. Ikipita siku chache inaharibika. Kwa hiyo mtu hakuweza kuitengeneza na kuificha. Alilazimika kuita watu. Na hapo ndipo ilipo maana yake katika ndoa. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu, pombe ya posa na ya mahari ilipelekwa kutoka nyumba hii hadi nyumba ile, ikaonjwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Aliyekunywa alikuwa shahidi. Hakukuwa na karatasi wala muhuri. Kama baada ya miaka kumi mtu angekana na kusema "huyu si bibi yangu", wazee wangeuliza: nani alikunywa? Na wangepatikana watu wa kujibu.

Tushike jambo hili, kwa sababu ndilo litakalotufikisha kwenye jibu la mama yetu. Kitu kitamu cha ndoa hakikuwa cha kujionyesha. Kilikuwa kitu cha kugawana ili watu wawe mashahidi.

Utamu uliokuja kutoka pwani

Jina la karitie yetu lenyewe linatuonyesha njia nyingine. Majengo ipo Mombasa, ipo Nairobi, ipo Moshi. Ni jina lililotembea pamoja na lugha ya Kiswahili, kutoka pwani kuingia bara. Na pamoja na lugha zilitembea pia namna za kupika.

Karne ya 19, watawala kutoka Omani walipokaa Unguja, pwani ilikuwa na utamu wake wa ndoa: halua. Inapikwa kwa sukari, samli na wanga, inatiwa iliki na mara nyingine zafarani, na inakorogwa muda mrefu sana kwenye sufuria kubwa. Huliwa kidogo kidogo, pamoja na kikombe kidogo cha kahawa chungu. Mpaka leo, Unguja, Mombasa ao Lamu, ndoa ya Kiislamu inaweza kufungwa msikitini mbele ya walii na mashahidi, halua na kahawa zikagawiwa, watu wakatawanyika. Karamu kubwa inaweza kuja siku nyingine, ao isije kabisa, lakini hakuna anayesema kwamba wale hawajaoana. Hadithi za Waislamu zinasimulia kwamba hata karamu ya ndoa ya Mtume na Safiyya haikuwa na mkate wala nyama: ilikuwa tende, maziwa makavu na samli.

Lakini tusipambe historia. Sukari ya pwani ya wakati ule ilikuwa na damu ndani yake. Kando ya mto Pangani, katika Tanzania ya leo, mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa, na watu wa bara walikamatwa na kupelekwa pwani kwa kazi za namna hiyo. Njia ile ile ya misafara ilifika kwetu mashariki ya Kongo. Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo, katika Maniema, na biashara yake ilikuwa pembe za ndovu na watu. Misafara ilileta vita na utumwa; ilileta pia mchele, ambao Maniema inaulima hadi leo, pamoja na Kiswahili tunachosema. Jeshi la Wabelgiji liliteka Kasongo mwaka 1893, lakini lugha na vyakula vilibaki.

Mandazi na vitumbua ni wa ukoo huo wa pwani. Kule hutiwa tui la nazi na iliki. Nazi hatuna hapa kwenye ziwa Kivu, kwa hiyo mandazi yetu yalibaki na unga wa ngano, sukari, hamira, maji na mafuta. Ni chakula cha msafiri aliyepoteza mizigo njiani, na bado ni kitamu. Kesho asubuhi ukinunua mandazi mbili na chai hapa Majengo, unakula kitu ambacho kimetembea tangu Bahari ya Hindi.

Gato la ngazi

Sasa gato. Mjerumani von Götzen alipita hapa mwaka 1894 na kupanda Nyiragongo. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu ya mipaka, na mji wetu ukakua upande huu, mbele ya Gisenyi. Kwa miaka mingi gato lilikuwa la mezani mwa Wazungu tu.

Na hata kwao, lile gato refu jeupe halikuwa la zamani sana. Mwaka 1840, Victoria, malkia wa Uingereza, alipoolewa, gato lake lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 130. Magazeti yaliandika habari zake, na matajiri wakaanza kuiga. Gato la ngazi juu ya ngazi lilifuata baadaye katika karne ile ile. Rangi nyeupe ilikuwa na maana ya wazi: sukari safi nyeupe ilikuwa ghali, na mwenye kuimwaga juu ya gato zima alikuwa anaonyesha mfuko wake. Maskini wa Ulaya hawakuwa na gato hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo tunapolia kwamba hatuna gato la ngazi tatu, tunalilia desturi ya majumba ya wafalme wa Ulaya, si desturi ya bibi zetu.

Kwetu liliingia kwa mlango wa ukoloni. Baada ya vita ya pili ya dunia, serikali ya Kibelgiji ilitaka kutengeneza tabaka la Wakongo iliowaita évolués. Mwaka 1948 ilianzisha karte ya sifa ya uraia, na kuanzia mwaka 1952 wachache wangeweza kuandikishwa kuwa karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria. Nyumba ya mtu wa namna hiyo ilitazamwa: je, wanakula mezani? Bibi anajua kushona? Katika miji, wanawake walifundishwa kupika, kushona, kupiga pasi na kulea watoto kwa namna ya Kibelgiji katika nyumba zilizoitwa foyer social. Masista wa misheni walifundisha kazi hizo pia. Nguo nyeupe ya bibi harusi, pete, picha na gato vilishikana pamoja kama alama za mtu aliyeendelea.

Na vitu vya kulitengeneza vilianza kupatikana karibu. Ngano ililimwa kwenye milima ya baridi ya Lubero. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha sukari kilijengwa Kiliba, katika bonde la Ruzizi karibu na Uvira, na mashamba ya miwa yakakizunguka. Kule Gisenyi kiwanda cha bia kilianzishwa mwaka 1957. Polepole, chupa ilikaa mahali pa kibuyu cha kasiksi, na gato likakaa mahali pa mutobe.

Njia ya sukari hukatika

Watu wenye umri watakumbuka kwamba utamu huo mpya ulikuwa na udhaifu ambao ndizi hazikuwa nao. Ndizi ilikuwa nyuma ya nyumba. Sukari ilitegemea kiwanda, barabara na amani.

Tazama miaka ya 1970. Agosti 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Viwanda vikubwa vya sukari vya nchi ile, Lugazi kilichoanza mwaka 1924 na Kakira kilichoanza mwaka 1930, vilikuwa mikononi mwa familia za Kihindi, na kabla miaka ya 1970 haijaisha vilikuwa vimeanguka. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zaïrianisation: maduka na mashamba ya wageni yakapewa Wazaire, na mengi yakafa mikononi mwa watu wasiojua kazi ile. Waliooana miaka ile wanajua maana ya kutafuta sukari kwa kujuana.

Kisha ikaja mwaka 1996. Vita ilipoingia kupitia Uvira na kufika Goma, kiwanda cha Kiliba kilisimama, na miwa ikabaki shambani. Tangu hapo sukari ya mezani mwetu inatoka mbali: Uganda, ambako viwanda vilikuwa vimesimama tena, na kwingineko kupitia mipaka. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji, ikala maduka, ikala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, watu wakavuka kwenda Gisenyi na kurudi siku chache baadaye wakitembea juu ya mawe ya moto. Mei 2021 ikashuka tena na kusimama Buhene, mlangoni mwa mji. Juni 2022 Bunagana ikachukuliwa na M23, Oktoba barabara ya Rutshuru ikafungwa, Februari 2024 ile ya Sake, na mwisho wa Januari 2025 mji wenyewe ukachukuliwa. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa.

Kila mara barabara ilipokatika, bei ya sukari, unga na mayai ilipanda. Na kila mara watu waliendelea kuoana. Hili ndilo ninaloliona ninapotazama nyuma: kilichobadilika ni kitu kilichokuwa kwenye sahani. Kuita watu na kugawana hakukubadilika.

Gato la karatasi ngumu

Labda mtu atasema: hayo ni mambo ya maskini wa Afrika. Hapana. Twende tena Uingereza, kwenye nchi ile ile ya gato la malkia.

Januari 1940, vita ya Hitler ilipokuwa imeanza, sukari ya Uingereza ilianza kugawiwa kwa kipimo, kila mtu na kadi yake. Meli zilizoileta zilikuwa zinazamishwa baharini. Mwaka huo huo serikali ilikataza kabisa kupamba gato kwa sukari nyeupe. Watu walifanya nini? Waokaji walitengeneza magato ya uongo ya karatasi ngumu, yenye ngazi, yaliyopakwa rangi nyeupe. Familia ilikodi gato hilo kwa siku moja. Lilikaa mezani kwa ajili ya picha. Chini yake kulikuwa na keki ndogo ya nyumbani ambayo ndiyo iliyoliwa. Kesho yake karatasi ilirudishwa, ikaenda kwenye harusi nyingine.

Hata binti wa mfalme hakupona. Elizabeth alipoolewa Novemba 1947, vita imekwisha lakini kadi za sukari bado zipo, vitu vya gato lake vilitumwa kama zawadi na wasichana skauti wa Australia, upande mwingine wa dunia. Kipimo cha sukari kiliondolewa mwaka 1953 tu. Waingereza waliooana katika miaka ile kumi na mitatu wengi wao hawakuwa na gato la kweli. Hakuna mjukuu wao anayesema babu na bibi hawakuoana.

Nasimulia haya kwa sababu wengi wetu tunafikiri harusi ndogo ni aibu yetu sisi wahami, kwamba wengine wote duniani waliooa walikuwa na kila kitu. Vita ikifika, meza ya kila mtu inapungua.

Sheria inauliza nini

Sasa tuje kwenye jambo zito, ambalo limefanya niandike.

Sheria ya familia ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inataka nini ili ndoa iwe ndoa? Inataka mwanaume na mwanamke wenye miaka 18 ao zaidi. Inataka kila mmoja akubali mwenyewe, bila kulazimishwa. Inataka familia zikubaliane juu ya mahari, na angalau sehemu yake iwe imetolewa. Inataka ndoa iliyofungwa kwa desturi iandikishwe mbele ya afisa wa serikali. Soma vifungu vyote: hutaona gato, hutaona sale ya sherehe, hutaona komite ya harusi.

Upande wa pili, angalia anayeumia wakati watu wanangoja. Kijana akifa kesho, na siku hizi kifo hakipigi hodi, binti yule ataonekana kuwa nani? Ndugu za marehemu wanaweza kumwambia "wewe ulikuwa rafiki tu", wakachukua mbao za nyumba, mashine ya cherehani, hata mtoto. Mahari haikuisha, siku haikufanyika, hakuna karatasi, na hakuna aliyekunywa ili awe shahidi. Familia zilizotawanyika kwa vita ziko kwenye hatari zaidi, kwa sababu wazee wanaomjua kila mtu hawako tena mtaa mmoja: mmoja yuko Minova, mwingine Kampala, mwingine hajulikani alipo.

Simlaumu baba yule. Anachotaka ni heshima ya binti yake, na heshima si kitu kidogo kwa mtu aliyepoteza shamba, ng'ombe na nyumba. Lakini naomba aone kwamba heshima hiyo inavuja kila mwezi wanapongoja. Mtoto anakua. Hata yaka tofanda ilianza kwa sababu hizo hizo: vijana wengi hawakukataa ndoa, walishindwa na gharama zilizowekwa juu yake.

Meza ndogo: kuchagua nini?

Kwa wale watakaopanga siku ndogo ya watu ishirini ao arobaini, haya ndiyo niliyokusanya kwa kuuliza wamama wanaopika.

Mandazi ndiyo rafiki wa kwanza. Unga wa ngano unaongezeka ukiwa na hamira, kwa hiyo kilo chache zinalisha wengi. Yanakaangwa alfajiri na yanakaa mpaka jioni bila kuharibika, hata kesho yake. Anayetaka yawe ya harusi ayakate madogo, aongeze iliki ao ganda la limau lililokunwa, kisha ayapange juu kama mlima kwenye sahani kubwa. Yanapendeza kwenye picha.

Vitumbua vya mchele vinafaa kwa wenye asili ya Maniema na kwa wote wanaopenda kitu laini. Karanga zilizopikwa na sukari mpaka zishikane zinahitaji sukari kidogo, na zinaweza kufungwa kwenye vikaratasi kila mtu akaenda na yake. Ndizi mbivu za kukaanga hazihitaji sukari kabisa: utamu ni wake mwenyewe. Nanasi na maracuja vinapendwa na wazee na wagonjwa wa sukari wanaweza kula kidogo, lakini oshweni vizuri kwa maji yaliyotiwa dawa na kateni saa ile ile ya kula. Mji wetu unajua kipindupindu, tusikigawe harusini. Kwa sababu hiyo hiyo chai ya maziwa iliyochemka ni salama kuliko juisi iliyotengenezwa kwa maji ya bidoni. Mkipata mutobe, chukueni kwa mtu mnayemjua, aliyekamua kwa mikono safi na maji safi.

Na kama roho inataka gato, pika dogo. Tanuri si lazima. Chukua sufuria kubwa, weka chini mawe madogo makavu ya volkano, hayo hayakosekani Goma. Weka juu yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye unga, sukari, mayai, mafuta ao siagi na baking. Funika, weka makala machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko, usifungue kila dakika. Krimu usiweke: bila frigo inaharibika kabla hotuba hazijaisha. Nyunyiza sukari kidogo juu, inatosha. Keki moja kama hiyo wanakata bwana na bibi harusi, wanalishana na wanawalisha wazazi. Wageni wengine wanakula mandazi.

Shauri la mwisho walilonipa wamama hao: msianze na sahani, anzeni na hesabu ya watu. Jiulizeni ni nani lazima awepo ili aweze kusema "nilikuwa pale". Wazee wa pande zote mbili, mjomba, shangazi, jirani wawili, mtu wa kanisa ao wa msikiti, mkubwa wa avenyu. Wakishapatikana hao, gawanya vitu vitamu ulivyonavyo wapate wote. Kukiwa na sukari kidogo, watoto watangulie.

Jibu langu kwa mama

Kwa hiyo, mama yangu, jibu ni hili. Ndiyo, harusi bila gato ni harusi. Gato ni la juzi tu, lilikuja na Wazungu, na hata kwao vita iliwanyima. Kitu kisichoweza kukosekana ni mdomo wa shahidi uliokula pamoja nanyi. Siku za kasiksi ilikuwa hivyo, kwenye halua ya pwani ni hivyo, na ni hivyo hata juu ya beseni la mandazi hapa Majengo.

Kabla ya kutoa andiko hili nilikwenda kulisoma nyumbani kwao, ili nisiseme habari zao bila ruhusa. Baba alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja: "Sasa kama hakuna gato la kukata, mimi baba nitafanya nini mbele ya watu?" Mama mkubwa wa kijana ndiye aliyemjibu, si mimi: "Utavunja andazi la kwanza, shemeji, utampa nusu binti yako na nusu mwanangu, na sisi wote tutakuwa tunaangalia."

Baba hakusema ndiyo. Aliomba kalenda ya simu ya binti yake, akaitazama kwa muda.

Wasomaji, ninyi je? Siku ya ndoa yenu ama ya wazazi wenu mlikula nini kitamu? Wazee hasa, wa Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero, na ninyi mliozaliwa hapa Goma kabla ya lava ya 1977: mwambieni mjukuu atuandikie. Mengi ya historia hii hayako kwenye kitabu chochote, yako kwenu.